Mbuzi wa Krismasi na Taa ya Jirani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Naliandika hilo mwanzoni ili anayesoma ajue anamsikiliza mtu wa aina gani. Niliingia Kampala kupitia Busia nikiwa na begi moja la nailoni na viatu vya marehemu baba, na shule niliiachia darasa la tano, tena hilo la tano sikulifikisha mwisho. Leo nikifungua mdomo pale Kyebando kuna watu wananyamaza wanisikilize. Nimeletewa saruji iliyochanganywa na majivu nikaijua kwa kunusa tu. Nimeletewa mbuzi aliyenyweshwa maji ya chumvi mpaka tumbo likawa ngoma, ili aonekane mnene, nikamrudisha kwa mwenyewe na nauli ya kurudi akalipa yeye. Mtu akinitabasamia, mimi huangalia mikono yake.

Kazi yangu ni misimu. Januari shule zinapofungua, watoto wa bweni wanaagizwa masanduku ya bati, magodoro na fagio, basi mimi nauza masanduku, magodoro na fagio. Idi ya kuchinja ikikaribia nauza mbuzi. Lakini msimu unaonilisha mwaka mzima ni Krismasi. Kampala mtu anaweza kumkimbia mwenye nyumba Novemba yote, lakini tarehe ishirini na tano lazima sufuria yake inukie nyama, na jirani aisikie hiyo harufu. Kwa kazi hii huhitaji duka. Unahitaji kiwanja kitupu kando ya barabara, uzio wa mabati, lango pana la kuingiza lori, bomba la maji, na majirani wasio na maneno. Vinne vya kwanza vinapatikana.

Kiwanja nilichokipata kilikuwa kwenye mteremko wa kushukia Kalerwe, mahali ambapo kila anayetoka sokoni lazima akione. Mwenyewe yuko ng'ambo, ndugu yake ndiye anayekodisha. Nililipa kodi yote mpaka mwisho wa Januari, pesa mkononi, kabla sijafunga hata kamba moja. Kulia kwangu aliishi mfanyakazi wa benki mwenye gari jeupe. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mizigo, ndivyo wanavyoviita vile vyumba vya kupanga vilivyojipanga mstari mmoja, chumba kimoja familia moja. Na kushoto kulikuwa na ukuta wa matofali wa bibi kizee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Jjajja, yaani nyanya. Ukuta wake ulishikana na lango langu. Dirisha lake la kulala ningeweza kuligusa kwa fimbo ya kuswagia mbuzi.

Kabla sijaleta mbuzi hata mmoja, mwenyekiti wa mtaa alinijia. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono.

"Ssebo," yaani bwana, akaniambia kwa kile Kiswahili cha Kampala, "wewe ni mtu ya kazi, sisi naona. Lakini hapa iko nyumba ya watu. Mbuzi inanuka, lori inaziba njia, redio inapiga kelele. Kwanza tukutane na majirani. Kila nyumba inagusa hii kiwanja iseme ndiyo. Nyumba moja ikikataa, mbuzi haiwezi kulala hapa."

"Hakuna shida, mwenyekiti," nikasema, na mkono wangu ukaenda mfukoni kwa mazoea, kutafuta bahasha. Akautazama ule mkono.

"Hapana, ssebo. Chai yako kunywa wewe."

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kucheza. Nimewajua wenyeviti wengi, huku na kwetu. Aliyekataa bahasha sijawahi kumwona, na nilipomwona nikajua kuna mtu amempa kubwa zaidi.

Tulikutana Jumapili mchana pale kiwanjani, juu ya viti vya plastiki nilivyokodi. Nikawanunulia soda. Wa benki alizungumza kwanza, amekunja miguu: hataki harufu dirishani, hataki lori kwenye mdomo wa geti lake, hataki spika. Nikamwambia kinyesi kitazolewa kila jioni kwenye magunia na kupelekwa kwa wakulima wa mboga, lori litashusha na kuondoka, na spika sitaiwasha kabisa, kwa sababu mbuzi wangu wanajitangaza wenyewe. Watu wakacheka. Mama mmoja wa kwenye mizigo akauliza, "Na watoto wetu wakija kuchungulia mbuzi, mtawafukuza?" Nikasema waje, bora wasiwafungulie kamba. Mimi najua kukaa na watu. Kwa upande wa ukuta wa Jjajja nikaahidi kupanga miti ya Krismasi, ile misonobari midogo ndani ya mikebe, iwe pazia kati yake na mazizi. Na kila nyumba itapata mti mmoja bure. Wa benki mwenyewe akakunjua miguu.

Jjajja alikuwa amekaa nyuma, gomesi yake, lile vazi refu la akina mama wa Kiganda, imemjaa kitini, soda hajaigusa. Mwenyekiti akamuuliza kwa heshima kama ana neno. Akasema kwa Luganda, polepole, "Mbuzi si kitu. Nimefuga mbuzi. Asubuhi ndiyo mbaya."

 Wote tukamwelewa vilevile: kelele za alfajiri. Nikamwahidi kwamba lori langu, ambalo huingia kutoka Karamoja kabla ya jua, halitaingia gizani. Mwenyekiti akauliza, "Jjajja, basi ndiyo?" Jjajja akasema tuanze kwanza aone. Mwenyekiti akatuambia tutarudi kukaa wiki mbili kabla ya sikukuu, na hapo neno la mwisho litatoka. Mimi nikapiga hesabu yangu kimoyomoyo. Wiki mbili kabla ya sikukuu kiwanja kitakuwa kimejaa. Nikifukuzwa wakati huo, mbuzi zaidi ya mia nitawapeleka wapi? Kila uwanja Kampala unakuwa umeshashikwa. Nitawauza kwa bei ya kutupa, na mwaka wangu mzima umekwenda.

Nikaanza hivyohivyo. Mlinzi wangu alikuwa Mkongo wa upande wa Bukavu, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyelala ndani ya uwanja kwenye kibanda cha mabati. Usingizi wake ulikuwa kama wa aliyekufa. Kwa hiyo kila alfajiri kukipambazuka, nilipofika, mimi nikiwa mbele na lori nyuma yangu, nilikuwa napiga lile lango kwa kiganja na kuita kwa sauti niliyopewa na Mungu:

"Fungua! Fungua wewe!"

Naye anatoka anajikwaa. Mbuzi wanashuka, tunawafunga kamba, tunamwaga maganda ya matoke niliyonunua kwa magunia kwenye vibanda vya chakula vya Wandegeya, na wateja wanaanza. Mteja wa Kampala hamwangalii mbuzi usoni. Anamshika mgongoni kwa vidole kama anayepima kitambaa, anamnyanyua kidogo, anamwachilia, anasema "huyu ni mifupa mitupu." Unamwambia "basi mwache, kuna mwenzako anampenda." Anarudi. Kila siku hivyo, na kila siku nilikuwa nashinda.

Ni mlinzi ndiye aliyenitia wadudu kichwani.

"Patron," yaani bosi, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo asubuhi moja tukifagia, "ule mama mukubwa wa hapa pembeni anatuangaliaka."

"Anatuangalia vipi?"

"Taa yake inawakaka mapema sana, mbele hata ya wewe kufika. Anaamka kuomba Mungu, ninamusikiaka. Lakini wewe ukifika tu, pap! anazima. Wakati yote. Njo vile anafanyaka."

Nikasema upuuzi. Lakini kesho yake nilisimama mbali kidogo kabla ya kuita, nikaangalia. Dirisha la Jjajja lilikuwa na mwanga wa njano nyuma ya pazia. Nikapiga lango: "Fungua!" Mwanga ukazimika palepale, kama mtu aliyekuwa amekaa na mkono kwenye swichi. Siku iliyofuata nikabadilisha muda, nikachelewa mpaka karibu jua litoke. Vilevile.  Mtu mwema, ukifika, anawasha taa. Anayezima anataka kukuona bila wewe kumwona. Nikajiuliza, anahesabu mbuzi wangu? Anamhesabia nani?

Siku ya kugawa miti nilimtuma mlinzi ampelekee wake, mti mzuri kuliko wote, nimeufunga utepe mwekundu. Alirudi mikono mitupu, akasema amegonga sana, ameita sana, mama hakufungua, kwa hiyo ameuacha nje ya geti. Mti ule ulikaa pale. Kila siku nilipita nikiuona unabadilika rangi, kijani, kijivu, kahawia, utepe wangu mwekundu ukipepea. Wa benki aliuweka wake sebuleni akautundikia taa. Kwenye mizigo waliipamba yao kwa pamba ya hospitali kama theluji. Jjajja aliuacha wangu ufe mlangoni kwake, mbele ya wateja wangu. Kama hilo si tangazo la vita, basi mimi sijui vita.

Halafu nikamwona muuza mbuzi wa Kalerwe. Huyu ni mpinzani wangu wa miaka mingi, mwembamba, kofia ya sufu hata jua likiwaka, kiwanja chake kiko chini karibu na mtaro na kila mvua mbuzi wake wanasimama majini. Nilimwona kwa macho yangu mawili akitoka kwenye geti la Jjajja na gunia begani. Siku chache baadaye nikamwona tena. Nikaketi juu ya mkebe, nikaunganisha. Mwenyekiti anakataa bahasha. Bibi anazima taa na kuhesabu. Mwembamba anaingia na kutoka. Wanataka nifukuzwe mbuzi wakiwa wengi, ili yeye aje anunue mbuzi wangu kwa bei ya huruma, kisha ahamie hapa juu pakavu. Mpango ulikuwa safi. Ningekuwa mimi, ningeupanga hivyohivyo.

Nikaanza kumtilia shaka hata mlinzi. Nikamuuliza, "Wewe unamjua yule mwembamba wa Kalerwe?"

"Nani hamujui? Anatuuziaka kamba."

"Anamuuzia nani kamba?"

"Wewe, patron. Wewe njo ulinituma."

 Kuanzia siku hiyo niliacha kununua kamba kwa yule mwembamba.

Juma la kikao lilipofika, mwenyekiti alipita Jumamosi asubuhi, amesimama nje ya lango langu bila kuingia.

"Ssebo, kesho tunakaa. Nyumba yote imesema ndiyo. Imebaki Jjajja. Nilimuuliza jana, anatikisa kichwa tu."

"Anataka nini? Niambie bei, mwenyekiti. Sisi ni wanaume."

"Hataki pesa."

"Kila mtu anataka pesa."

"Basi nenda muulize wewe. Mimi hata ukinipa mbuzi hamsini, bila neno yake, Jumatatu asubuhi utaondoa." Akaangalia mazizi, mbuzi wamejaa mpaka wanapandana, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hata yale masikitiko sikuyaamini.

Mchana wa siku hiyo nilimwona mwembamba anapanda mteremko na gunia lake tupu. Nikamwachia mlinzi wateja, nikamfuata. Nilitaka niwakute wote wawili, mdomo kwa mdomo, niwaangalie usoni. Alifika kwenye geti, akavua kofia (sikujua kama ana upara), akapiga hodi kwa Luganda, kwa sauti ndogo ya kanisani:

"Koodi, Jjajja! Koodi!"

"Kaalibu!" ikajibu sauti ndani, na geti likafunguka mara moja. Lile geti ambalo mti wangu ulikauka mbele yake. Kabla halijafungwa nikapenyeza bega, nikaingia nyuma yake.

"Nimewapata!" nikasema.

Uani kulikuwa na mparachichi mkubwa ulioinama, na chini yake mkeka, na juu ya mkeka marundo ya ovakado, makubwa upande huu, madogo upande ule. Jjajja alikuwa amesimama akishikilia geti. Mwembamba aligeuka na gunia lake mkononi.

"Umetupata tunafanya nini?" akauliza.

Niliangalia ovakado. Niliangalia gunia.

"Ah," akasema, na meno yote yakatoka nje, "kumbe na wewe unakuja kuchukua ovakado! Jjajja, usimuuzie huyu. Ni Mkenya, atakulalia bei mpaka ulie."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Mbuzi wako wamekauka au bado wanaogelea?"

"Wanaogelea vizuri, asante. Wako wanasemaje, wamepata kibali?"

Jjajja akatuamuru sote tukae. Kwa Waganda huwezi kuanza na shida yako. Uliingia, basi utasalimiwa. Akapiga magoti polepole kwenye mkeka, magoti yanalia, akaniuliza habari za usiku, habari za kazi, habari za watu wa nyumbani, akanishukuru kwa kazi, na kila nilipojibu akaitikia "mm", nami nikaitikia "mm", mpaka hasira yangu ikawa haina pa kusimama. Luganda naisikia vizuri, nimeishi nayo zaidi ya miaka ishirini. Kuizungumza nailazimisha tu. Nikamuuliza kwa Luganda yangu iliyovunjika: Jjajja, nimekukosea nini? Kinyesi nimezoa. Redio sina. Lori nimelichelewesha. Mti ukaukataa. Kwa nini unaniua?

Jjajja akainua uso.

"Mti gani?"

"Ule ulio nje ya geti. Mlinzi wangu aliuleta, akagonga, akakuita."

"Ule nilidhani umeuweka pale uuze. Aliita anasemaje?"

Hapo nikajibu bila kufikiri. "Alisema, 'Fungua mama, fungua!' Angesemaje?"

Jjajja akachukua ovakado moja, akaifuta vumbi kwa ncha ya gomesi yake.

"Kiswahili ninakijua," akasema. "Usifikiri sikijui." Na akaanza kukisema, neno moja moja, kwa lafudhi ya Luganda, kama mtoto aliyekariri: "Fungua. Toka inje. Lala chini. Leta pesa. Wapi bwana yako."

Mwembamba aliacha kucheka. Akavua tena kofia ambayo alikuwa ameshaivaa.

"Ni hicho tu," akasema Jjajja, sasa kwa Luganda. "Nilifundishwa pale." Akaonyesha geti kwa ile ovakado. "Miaka ile, serikali zilipokuwa zinafukuzana. Wanajeshi walikuwa wanakuja alfajiri, na lugha yao ilikuwa hiyo. Ukisikia 'fungua', unazima taa, unawalaza watoto sakafuni. Tulizoea. Hilo la mwisho walilisema mara moja tu."

 Kiswahili ndicho nilichonyonya nacho. Mama yangu alinibembelezea nacho, nimemwomba Mungu nacho, nimetongoza nacho, nimeuza nacho kila kitu nilichowahi kuuza. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba, tena nyumba ninayoweza kuigusa kwa fimbo, ambako lugha yangu yote ni maneno matano na yote yamesimama mlangoni.

"Lakini Jjajja," nikasema, "unajua ni mimi. Muuza mbuzi."

"Najua ni wewe. Nakusikia na mbuzi wako. Mkono ndio haujui."

Akauweka ule mkono juu ya mkeka, mikunjo mitupu, tukauangalia wote watatu kama kitu cha mtu mwingine.

Mwembamba akakohoa. "Ndugu yangu, kwani huwezi kupiga koodi kama watu?"

"Nipige hodi kwenye lango langu mwenyewe? Nimelipa kodi mpaka Januari!"

"Ndani si kuna mtu?" Jjajja akauliza. "Yule Mkongo si mtu?"

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilinunua ovakado, ndiyo, na alinitajia bei ileile aliyomtajia mwembamba, nilisikiliza kwa makini. Nikatoka bila jibu la ndiyo wala hapana. Njiani nilijiambia labda ni maigizo, labda wamepanga na hilo pia. Nilijaribu kuliamini kwa nguvu zangu zote. Nilifika kwenye ule mti mkavu, nikaubeba begani, nikaondoka nao.

Jumapili alfajiri lori lingine liliingia. Sikuwa nimemwambia mlinzi kitu, maana nisingejua nianzie wapi kumwambia. Nilisimama mbele ya mabati yangu mwenyewe, dereva akiniangalia kwa juu, mbuzi wakilia, dirisha la Jjajja likiwa na mwanga. Mkono ukapanda wenyewe. Nikaushusha. Nikasafisha koo.

"Koodi," nikasema.

Mbuzi tu ndio walioitika.

"Koodi! Koodi hapa!"

Ndani nikasikia kitanda cha mbao kinalia. "Nani?" akauliza mlinzi.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Patron wako!"

"Uongo," akasema yule Mkongo, na nikasikia anaokota panga. "Patron hapigaka koodi. Patron anapigaka kelele. Wewe ni mwizi. Enda!"

Dereva akaangukia usukani kwa kicheko. Nikamwambia mlinzi jina la mke wake, jina la kijiji chake, kiasi cha mshahara wake. Akasema hata mwizi anaweza kuyajua. Nilimfundisha mimi mwenyewe kutomwamini mtu, na kumbe alisoma kuliko nilivyosoma mimi. Neno moja tu lingelifungua lile lango, nalo lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu, na nikalimeza.

"Koodi," nikasema tena, sasa kwa kuomba.

Na kutoka nyuma ya ukuta wa matofali, kwenye lile dirisha, sauti ya kizee ikajibu, "Kaalibu, ssebo! Kaalibu!" Halafu akampigia mlinzi kelele kwa Luganda kwamba ni bosi wake, amfungulie, mbuzi wanaumia. Mlinzi hakuelewa maneno, ila sauti aliielewa, akafungua, panga mkononi. Nilipoingia niligeuka kuangalia. Taa ilikuwa inawaka.

Mchana tulikaa tena kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti akauliza kwa zamu, wa benki ndiyo, mizigo ndiyo, akafika kwa Jjajja. Jjajja akasema abaki, mpaka Januari, bora apige hodi. Watu hawakuelewa, wakacheka, mwenyekiti akacheka nao. Nilimchunguza sana siku ile. Mpaka leo sijui kwa nini hakuchukua ile bahasha, na bado nachunguza.

Mbuzi waliisha siku ya mkesha, wote, hata yule kilema. Nilimpelekea Jjajja mti mwingine, mdogo, nikaubeba mwenyewe, na geti likafunguliwa kwa neno moja.

Lakini mimi si mjinga. Nilijua mimi naweza kukumbuka, ila madereva wa lori ni watu wa kutoka kila mahali, na mdomo wa dereva alfajiri haushikiki. Kwa hiyo Jumatatu ile, siku moja baada ya kikao, nilishuka Kisenyi kwa wauza vipuri, nikatafuta kengele ya baiskeli, ile ya zamani ya chuma inayolia kriing, nikaifunga kwa waya kwenye lango, na nikawaapisha madereva wote kwamba anayetaka kuingia apige hiyo na afunge mdomo. Bado ipo pale. Muuzaji alitaka elfu kumi na tano. Nilimgeuzia kengele, nikamwonyesha kutu, nikaondoka, akaniita, nikarudi. Nilimwachia shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.